Nyota za Pembe Sita

Mashine ya kupulizia salfa ya Mzee Silvano ilikwama asubuhi ya Jumanne, wiki ya kwanza ya Julai, mwaka wa tisini na nne, wakati mikorosho ya Mnyambe imeanza kuchanua. Fundi Nikolao alipoisikia ikikwaruza tumboni alijua inaumwa nini hata kabla shemeji yake hajaishusha mgongoni. Beringi ya feni ilikuwa imeliwa, na feni sasa ilikuwa inasugua kifuniko chake. Beringi mpya alikuwa nayo, ameitunza miezi mitatu kwenye kopo la maziwa pamoja na plagi za akiba. Ugonjwa aliujua na dawa alikuwa nayo. Kilichomshinda ni kumfikia mgonjwa.

Kifuniko kile kilishikwa na skrubu nane, na vichwa vya skrubu hizo havikufanana na vya mashine alizozoea. Kwetu huku ukisema bisibisi ya nyota, kila fundi anakupa ile ya pembe nne, na hakuna aliyewahi kuuliza ni nyota gani hiyo yenye pembe nne. Miaka ya ruhusa ilipofika, kila mwenye mtaji akaingiza nchini alichotaka, zikaja na mashine zenye skrubu za nyota kweli, za pembe sita, ndogo, na kila skrubu imezama kwenye kishimo kirefu kuliko kidole. Koleo halifiki. Patasi haipiti. Huwezi hata kuchora mfereji kwa msumeno, maana msumeno utaupitisha wapi? Aliyeiunda mashine ile alitaka ifunguliwe kwa kitu kimoja tu, na kitu hicho Nikolao hakuwa nacho.

Alijaribu ya pembe nne, ikateleza. Akachonga msumari kwa tupa, ukapinda. Akaacha hapo hapo, kwa sababu fundi mwenye akili huogopa kuharibu kichwa cha skrubu kuliko anavyoogopa nyoka. Nyoka unaweza kumkimbia.

Ingekuwa mashine ya mtu mwingine angemwambia mwenyewe aipeleke Masasi, mambo yaishe. Lakini hii ilikuwa imebeba maisha yake yote, na hapa lazima nieleze, la sivyo asiyezijua ndoa za kwetu atamwona Nikolao ni mtu wa kulialia.

Kwetu Umakondeni mwanamume huoa akaenda kukaa kwa mkewe. Nyumba ni ya ukoo wa mke, shamba ni la ukoo wa mke, watoto ni wa ukoo wa mke, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba wa mke. Wengine hukaa mwaka mmoja au miwili, wakaelewana na wakwe, wakaondoka na familia zao. Nikolao alikuwa amekaa minane. Alifika Mnyambe na sanduku la vyuma na ufundi alioupata kwenye karakana ya misheni, akamwoa Severina, akazaa naye Theodora na mdogo wake, na tangu hapo hakutoka. Kila baiskeli ya ukoo ilipita mikononi mwake, kila redio, kila cherehani, kila bawaba ya mlango. Wakwe hawakumwamrisha hata siku moja, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. Wangemwonea, angegomba akaenda zake. Wao walimpenda. Walimletea kuku, walimwita mwanetu, walimjengea kibanda cha kazi mbele ya nyumba ya Mzee Silvano ili asichomwe na jua, na kila asubuhi alipoamka alimkuta mtu wa ukoo amekaa pale na kitu kilichovunjika mapajani, anamsubiri kwa adabu zote. Utamkataaje mkwe anayekusubiri kwa adabu? Nikolao alikuwa anakosa pumzi. Zilikuwapo asubuhi alizobaki kitandani amefumba macho, anajifanya amelala, anatamani kulia.

Rafiki yake Salmini, waliyejifunza ufundi pamoja, alikuwa na gereji Masasi karibu na stendi, na alikuwa amemwekea nafasi: meza, paa la bati, na wateja wasio ndugu. Mwezi wa tano Nikolao akapiga moyo konde. Akamwendea Mzee Silvano, mjomba wa mkewe, akaomba aondoke na Severina na watoto. Mzee hakukasirika. Aliita kikao cha ukoo, akamsikiliza mkwe wake mpaka mwisho, kisha akasema neno lake.

"Mkwe, siwezi kumtoa mpwa wangu kwa kubahatisha. Mashine hizi mpya ndizo zitakazokulisha huko mjini. Basi hii yetu ikipuliza salfa mpaka maua yashike korosho, nitajua unaziweza, na mtaondoka wote kwa baraka zangu. Maua yakifa, tutakaa. Tutakaa vizuri tu, kama tulivyokaa."

Wazee wakaitikia. Severina, aliyekuwa nyuma karibu na mlango, aliinamisha kichwa, na Nikolao akajua mkewe anaficha furaha.

Kwa hiyo mashine ilipokwama, kilichokwama kilikuwa ni yeye. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali juu ya maua, ikashika. Raundi ya kwanza ilikuwa imeshapita, na ya pili ilitakiwa wiki ile ile, kwa sababu baridi ya Julai ndiyo chakula cha ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyapaka maua unga mweupe mpaka yakauka. Mashine nyingine kata nzima ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa ameshaahidi watu mpaka mwisho wa mwezi. Nikolao alichomoa skrubu moja iliyokuwa nje, kwenye mkono wa mashine, iliyolegea yenyewe na yenye kichwa sawa na zile nane, akaifunga kwenye leso, na Jumatano akapanda lori lililoleta mifuko ya salfa, linarudi Masasi tupu.

Duka la Fikirini lilikuwa kwenye mstari wa maduka ya vyuma, sokoni Masasi, na kila fundi wa bara na wa juu, kwetu kwenye uwanda wa Umakondeni, alilijua. Fikirini alikuwa Myao, babu zake walifika na misafara ya biashara wakaona vile vilima vya mawe wakasema hapa hapa, na biashara haijawatoka damuni. Na Myao na Mmakonde wa kwetu ni watani. Asiyejua utani atadhani watu hawa wanagombana. Mtani anaweza kukuvua kofia barabarani akaivaa. Anaweza kuja msibani kwako akalala juu ya mkeka wa marehemu akadai chai. Humkasirikii, na ukimkasirikia, aibu ni yako. Mwaka uliopita Fikirini alimwuzia Nikolao tochi nzuri ya chuma, na Nikolao alipoifungua nyumbani akakuta ndani kumejaa pumba za mchele. Mstari mzima wa vyuma ulicheka wiki mbili. Tochi ya kweli alipewa siku aliyorudi, na soda juu yake, lakini kicheko kile Nikolao hakukisahau.

Akasalimia, akatukanwa kwa mapenzi, akatukana na yeye, kisha akafungua leso akaweka skrubu mezani. Fikirini akaitazama, akaacha kucheka kidogo, akaingia nyuma. Alirudi na seti mbili.

Ya kwanza ilikuwa kwenye kasha la plastiki lenye kifuniko cha kuonea ndani, bisibisi tisa zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, zinang'aa, mipini myekundu yenye mistari ya njano. Ya pili ilikuwa imeviringishwa kwenye kitambaa chenye grisi, bisibisi sita tu, nyeusi, mipini ya mbao iliyopauka, na moja ilikuwa na rangi ya kutu shingoni. Fikirini akasema zile nyeusi zimetoka kwenye kiwanda kilichofungwa, mali yake imeuzwa kipandekipande. Bei ni ile ile.

"Chukua hizi nyeusi, Mmakonde," alisema. "Hizi za kung'aa nimewaletea nyinyi wa juu mjitazamie meno. Ukifungulia nazo kitu kigumu zitakugeukia mkononi kama unga uliokandwa."

Watu wawili waliokuwa dukani wakacheka, na Nikolao akacheka nao. Kichwani mwake akaona mambo waziwazi. Mtani ana kutu inayomlalia dukani, anatafuta Mmakonde wa kumbebesha. Ndiyo maana anaisifia. Kesho mstari mzima utaambiwa jinsi Mmakonde alivyoziacha bisibisi mpya akabeba chuma cha babu.

Lakini Nikolao hakuwa mjinga, na nisingependa mtu amwone mjinga. Alichagua kwa utaratibu. Alichukua ile ya kung'aa inayolingana na skrubu yake, akaitia kichwani. Ikaingia, ikakaa, haikucheza. Aliitingisha, haikucheza. Alishika mpini akausokota kinyume cha chuma, haukuzunguka. Namba zilikuwa zimegongwa kwenye shingo, hazikuchorwa kwa rangi. Akachukua na ile nyeusi. Nayo ikaingia, ikakaa. Chuma chake kilipita ndani ya mpini mpaka nyuma, unaweza kukigonga kwa nyundo, na penye shingo kilikuwa na pembe sita za kushikia spana ukitaka nguvu zaidi. Hilo alilipenda. Alikaa amezishika zote mbili, moja kila mkono, na moyo ukamwambia nyeusi.

Kilibaki kipimo kimoja, nacho ndicho kinachomaliza ubishi. Unapitisha tupa kwenye ncha. Chuma kilichokomaa, tupa inateleza na kulia. Chuma laini, tupa inauma. Tupa ndogo alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, na mkono ukaenda wenyewe. Fikirini akauona.

"Piga tupa," akasema, na tabasamu lake lilikuwa pana kuliko meza. "Piga, Mmakonde, usiogope. Piga hizi zinazong'aa uone maajabu, halafu uchukue nyeusi."

Mkono ukasimama hapo. Mstari wa vyuma una kanuni yake: ukikwaruza kitu kipya, umekinunua. Nikolao akatazama lile tabasamu, akawatazama wale wawili wanaosubiri, akakumbuka pumba za mchele. Akasema moyoni, mtego ndio huo. Anataka niikwaruze mpya, anibebeshe hiyo na ile ya kutu pia, nirudi kwetu Newala na seti mbili na kicheko. Akarudisha tupa mfukoni.

"Hizi mpya," akasema.

Fikirini akamtazama. Kwa mara ya tatu akamwambia achukue nyeusi, na safari hii alisema polepole, karibu bila mzaha. Lakini mtu aliyekuambia mzaha mara mia hawezi kukuambia kweli mara moja ukamsikia. Nikolao akatia kasha kwenye mfuko, akamuaga mtani wake kwa tusi zuri la kuagia, akaondoka amejaa ushindi. Alilala kwa Salmini. Walipanga meza itakaa wapi, na Salmini akamwonyesha chumba nyuma ya gereji ambacho Severina angeweza kupikia mlangoni pake. Nikolao alikipima kwa hatua. Alisahau kwamba mashine bado imefungwa.

Alhamisi mchana alikuwa kibandani Mnyambe. Skrubu ya kwanza ilifunguka kama imelainishwa na siagi. Ya pili ikafunguka. Ya tatu ilikuwa ngumu, ikalia, ikatoka. Shemeji yake aliyekuwa amechuchumaa pembeni akampiga kofi begani. Kwenye ya nne Nikolao alihisi kitu mkononi, kulegea kidogo, kama skrubu inataka kuachia. Akaongeza nguvu. Bisibisi ikazunguka, skrubu haikuzunguka.

Aliichomoa akaiangalia nchani. Zile pembe sita zilikuwa zimesokotwa zote upande mmoja, zimelala. Akamulika ndani ya kishimo kwa tochi. Nyota ilikuwa imekwisha, pamebaki tundu la mviringo. Akajipa moyo akachukua bisibisi ya namba inayofuata, akaigonga kwa nyundo ili ishike kwenye skrubu ya tano, akasokota. Ikavunjika ncha ikabaki mle mle ndani.

Hapo akakaa chini. Akatoa tupa mfukoni, akachukua bisibisi mojawapo kati ya zilizobaki, akapitisha. Tupa iliuma chuma kile kama inauma sabuni. Ilimchukua sekunde tatu kujua jambo ambalo jana alikuwa analo mkononi. Shemeji yake alipouliza kuna nini, alimwonyesha ule mkwaruzo kwa kidole.

Mzee Silvano akaja akatazama. Hakulaumu. Alisema chuma cha siku hizi hakina adabu, akaagiza Nikolao aletewe chakula.

Ijumaa hapakuwa na gari. Jumamosi alishuka Masasi akiwa na lile kasha, na alipofika dukani hakusalimia. Alilifungua akaliweka mezani, ile bisibisi iliyosokotwa juu. Fikirini aliitazama, na uso wake ukafanya jambo ambalo Nikolao hakuwahi kuliona kwa miaka yote. Ukakosa utani kabisa.

"Zile nyeusi ziko wapi?" Nikolao akauliza.

Zilikuwa zimeondoka Alhamisi asubuhi, na Masasi nzima hapakuwa na nyingine. Fundi mmoja wa Lupaso alizichukua zote sita, baada ya kupiga tupa.

"Ulikuwa unajua," Nikolao akasema. "Kwa nini hukuniambia kama mtu?"

"Nilikuambia mara tatu. Nilikuambia kama mtani, sijui kukuambia vinginevyo." Fikirini alilifunga kasha akalisukuma pembeni. "Ungekuwa mteja wa kupita ungenisikia."

Nikolao hakuwa na haki ya kugomba, kwa sababu alijua ni kweli. Fikirini alifunga duka, siku ya soko, jambo lisilowahi kutokea, akaenda naye Lupaso yeye mwenyewe. Walimkosa fundi. Alikuwa amekwenda msibani kwa wakwe zake, na vyuma vyake vimefungiwa ndani, na funguo anazo. Wakakaa. Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita. Nikolao alikaa kwenye benchi la mtu asiyemjua, anaitazama mikorosho ya Lupaso inayopulizwa kila alfajiri, mawingu ya njano yanapanda kati ya matawi, na kila wingu lilimchoma. Fikirini alimsimulia visa, kisha akaacha kusimulia. Jumanne jioni fundi akarudi, akaelewa, akatoa ile inayotakiwa, akasema airudishe akimaliza.

Jumatano alikuwa Mnyambe. Ile nyeusi ilizitoa skrubu tatu za mwisho kama mtu anayeng'oa karanga. Iliyoliwa na ile iliyomeza ncha ndizo zilizomkalisha mpaka jua linazama, anazitoboa kwa keekee ya mkono, milimita kwa milimita, asiguse kifuniko. Alifanya kazi safi. Ninasema hivyo kwa sababu ni haki yake: mafundi wengi wangepasua kifuniko kile. Akatia beringi, akafunga, na Alhamisi alfajiri akavuta kamba mara moja tu. Mashine ikaunguruma sauti moja, nzito, bila mkwaruzo.

Waliibeba shambani pamoja na Mzee Silvano kabla jua halijachomoza. Salfa ikatoka vizuri, ikapanda mpaka kileleni. Nikolao alizunguka mkorosho wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanga ulipokuja akazima mashine, akavuta tawi. Maua yalikuwa yamepakwa unga wa kijivu, na chini ya unga yamekwisha kuwa ya kahawia. Aliyagusa yakamwagika kiganjani. Akaenda mti mwingine. Akaenda mwingine. Mzee Silvano alimfuata nyuma, na mwishowe akamshika mkono, akauchukua mkono ule wenye maua makavu akaukung'uta yeye mwenyewe.

"Mashine umeiweza, mkwe," akasema. "Sharti langu lilikuwa maua, na maua yamekufa. Lakini nimekuona ulivyohangaika siku hizi tisa. Sitaki kesho mtu aseme nilikufunga. Nenda kamwulize Mama Theodora. Akitaka kwenda, nendeni, mimi sina neno."

Nikolao hakuamini masikio yake. Alimshukuru mzee, akamshukuru tena, akaiacha mashine chini ya mkorosho na kurudi nyumbani karibu anakimbia. Njia nzima aliona kile chumba cha nyuma ya gereji. Aliona moto mlangoni, Theodora akienda shule ya mjini. Alisema kwa sauti, peke yake, kwamba hasira ya Mungu ni fupi.

Severina alikuwa nyuma ya nyumba, miguu na mikono imejaa udongo mwekundu. Alikuwa anakandika. Ubavuni mwa nyumba yao palikuwa na chumba kipya, fito zimefungwa, ukuta mmoja umekwisha kandikwa mpaka juu na bado una unyevu. Wakati Nikolao amekaa kwenye benchi la Lupaso, mkewe na ndugu zake walikuwa wanajenga. Na kwetu juu hatuna maji. Maji yako bondeni, mwanamke anashuka gizagiza na kupanda mteremko jua limeshakuwa kali, ndoo moja kichwani. Hakuna mtu anayemwaga maji yale kwenye ukuta wa nyumba anayoihama. Nikolao aliona ndoo tano zimepangwa, zote tupu, zote zimetumika, na bado hakuelewa, kwa sababu hakutaka.

Akamwambia alichosema mjomba. Akamwambia wanaweza kuondoka hata Jumamosi. Alisema kwa haraka, maneno yanakanyagana, na Severina alisikiliza huku anasugua udongo vidoleni. Alipomaliza, mkewe aliacha kusugua.

"Baba Theodora," akasema, "nilipouona ule unga kwenye maua nilimshukuru Mungu. Nimeshaungama kwake. Sasa naungama kwako."

Nikolao alimtazama.

"Miaka minane," akasema. "Miaka minane nakaa hapa nikijua tunataka kuondoka wote. Hukuniambia hata siku moja."

"Hukuniuliza. Ulimwuliza mjomba."

Alisema bila ukali. Hapa ni kwa mama yangu, akasema, na kwa mama yake mama yangu, watoto wakilia usiku kuna nyumba sita za kukimbilia, huko Masasi nitakimbilia wapi? Akasema hatamzuia akitaka kwenda. Akasema ataomba kila siku asiende.

Nikolao alitaka kukasirika akakosa wa kumkasirikia. Mjomba alikuwa amemwachia. Fikirini alikuwa amemwambia. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake na udongo mpaka kwenye viwiko, amemwambia kweli yote, macho yamejaa woga kwamba atamwona akifunga sanduku. Njia ilikuwa wazi mpaka Masasi, na hakuna mtu hata mmoja aliyesimama katikati yake. Angeweza kuondoka mchana ule, peke yake, na sanduku la vyuma, na watoto wangemwita baba akija Krismasi. Alisimama akalifikiria jambo hilo mpaka mwisho, kama alivyozoea kufikiria kazi kabla hajaigusa, na alipofika mwisho aliona kwamba haliwezekani, na kwamba halitawezekana kamwe.

Severina akainama, akachota udongo, akaunyanyulia ukutani. Ukuta wa pili ulikuwa umefika usawa wa kichwa chake na mikono yake haikufika juu zaidi. Nikolao akavuta kigoda, akakunja mikono ya shati, akapanda. Severina akampa donge la kwanza, akalibandika, akalisawazisha kwa kiganja, akashusha mkono kupokea la pili. Machozi yalipomtoka hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na udongo.